Mahari ya Kioo cha Basi

Mama mkwe wangu alidai kioo cha mbele cha basi.

Siku tuliyokwenda Ilula kuposa tulikuwa tumejiandaa kwa yale yanayojulikana: ng'ombe, blanketi la bibi, jembe la babu, mkaja wa mama. Mshenga wangu alikuwa baba mdogo, mstaafu wa reli pale Mbeya, mtu aliyejisifu kwamba hajawahi kukutana na mahari asiyoweza kuipunguza. Mimi nilikaa pembeni, kimya, kama muoaji anavyotakiwa. Mambo yakaenda vizuri mpaka mjomba wa binti alipofika kwenye mkaja wa mama. Akasita. Akainuka, akaingia ndani kuuliza tena, akarudi akikwepa macho yetu.

"Mama hataki kitenge," alisema. "Anataka kioo cha mbele cha basi. Kizima, kisiwe na ufa. Na kitoke kwenye basi lililokufa kwa uzee, siyo kwa ajali."

Baba mdogo alicheka kwa adabu, akisubiri na wenzake wacheke. Hakuna aliyecheka. Ndani, nyuma ya pazia, mtu alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

Njia nzima ya kurudi baba mdogo alikuwa akiwaza. Tulipokaribia Mafinga akapiga goti lake kofi. "Ni fumbo! Kioo ni cha kujitazamia. Mama anakuambia ujitazame kama unafaa."

"Na basi?"

"Basi ni safari ya ndoa."

"Na kufa kwa uzee?"

"Ina maana mtazeeka pamoja. Mwanangu, umepata mkwe mwenye hekima."

Nikaona kweli inaingia. Tukanunua kioo cha ukutani chenye fremu ya rangi ya dhahabu, tukakifunga kwenye khanga mpya, tukakipeleka Ilula kwa heshima zote. Majibu yalikuja kupitia kwa mjomba yuleyule: "Mama anashukuru sana. Anasema ameshajiona, hajambo. Sasa anasubiri kile cha basi."

Jina lake sitalitaja. Mkwe hatajwi jina, na hata ningelitaja angeuliza nimelipata wapi.

Kioo cha basi nilikipata kwenye uwanja mmoja wa magari mabovu nje kidogo ya Mbeya, kwenye basi lililoota majani mpaka kwenye usukani. Kilisafiri kutoka Uyole juu ya lori la viazi, kimelazwa katikati ya magunia, kimefunikwa blanketi la bibi ili mahari yote iende pamoja. Mimi nilikaa juu kabisa nikikishikilia kama mgonjwa. Askari wa barabarani alitusimamisha, akapanda kukagua, akafunua blanketi.

"Hiki nini?"

"Mahari, afande."

Alinitazama, akatazama kioo, akanifunika mimi na kioo pamoja. "Nenda, kijana. Matatizo uliyonayo yanatosha."

Mama mkwe alikipokea mwenyewe barabarani. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona vizuri: mwanamke mfupi, mpana, kitambaa cha kichwa kimefungwa upande, macho yanayotembea juu ya vitu kama mnunuzi sokoni. Hakunitazama usoni, wala mimi sikumkazia macho, maana adabu ilitaka hivyo. Alikigonga kile kioo kwa kidole, akasikiliza mlio. "Kamwene, baba," akanisalimia kwa Kihehe, kisha akawageukia watu. "Huyu sasa ni mume wa mwanangu."

Wiki iliyofuata nilisikia kutoka kwa Semeni, mchumba wangu, kwamba mahari yangu ilikuwa imepigiliwa uani juu ya sanduku refu la mbao za mabanda ya kuku, ndani limepakwa masizi, na kwamba lilikuwa limejaa nyanya zilizokatwa vipande na kupangwa juu ya vyandarua vikuukuu. Siku mbili tatu za jua kali na nyanya zinatoka kama ngozi laini, tamu mpaka zinauma ulimi.

Lazima niseme kwamba Ilula msimu wa nyanya una furaha na una msiba. Zikiiva zinaiva zote kwa pamoja. Malori yasipokuja, matenga yanakaa kando ya barabara mpaka chini panaanza kuvuja maji mekundu, na watu wanapita wakigeuza uso kama wanapita penye kilio. Mama mkwe hakuwa mtu wa kugeuza uso. "Nyanya ni kama posa," alikuwa akisema. "Ukichelewa kujibu, inaoza." Baada ya sanduku lake la kwanza wanawake wengine walileta vioo vyao: vya madirisha, vya kabati, kimoja kilikuwa cha mlango wa benki iliyohama. Ule ua uling'aa mpaka ndege waliogopa kutua.

Wataalamu wa mradi walikuja na gari jeupe kumuuliza alijifunzia wapi. Akawaambia alioteshwa. Waliokuja mwezi uliofuata akawaambia alisikia redioni. Wa tatu, waliotaka kumpeleka semina Morogoro, akawaambia kwamba sanduku lile ni la jirani na yeye ni mlinzi tu. Alikuwa muongo, tena bila aibu, lakini uongo wake haukumchukulia mtu kitu. Aliutumia kama watu wengine wanavyotumia mwavuli.

Kutupa kitu kulimuuma kama jino. "Kitu hakizeeki," alisema, "kinachoka kazi moja tu." Tairi lililochoka barabara lilikuwa bustani ya mchicha. Turubai la lori lililochoka mvua lilikuwa zulia la kuanikia mahindi. Mipira ya maji myeusi ilizungushwa juu ya bati kama nyoka aliyelala, na kuanzia saa sita mchana mtu alioga maji ya moto msimu wa baridi bila kuwasha hata kijiti.

Lakini fahari yake ilikuwa friji. Ilikuwa ya baa moja pale Ilula, ilikufa, wakaitupa. Mama mkwe aliibeba kwa toroli, akaijaza ndani matambara na maganda ya mpunga, akaacha nafasi ya sufuria mbili. Maharage yakichemka kidogo tu motoni anayaingiza humo, anafunga mlango, anakwenda shambani. Akirudi jioni yameiva. Kuni za kuivisha maharage mara moja zilimtosha wiki. Tatizo ni kwamba hakumwambia mtu. Siku baba mdogo alipokuja kusalimia, jua limemchoma, aliuliza kwa upole kama angeweza kupata maji ya baridi.

"Fungua friji hapo, baba," mama mkwe alisema.

Baba mdogo alifungua. Mvuke ulimpiga usoni, miwani ikapofuka. Akabaki ameinama, anapapasa, mkono ukagusa sufuria ya moto. Mpaka leo ukimkaribisha nyumbani kwako anauliza kwanza kila kitu kinafanya kazi gani.

Na kulikuwa na suala la chupa. Abiria wa mabasi ya masafa marefu wana tabia ya kunywa maji na kutupa chupa dirishani. Siku moja chupa ilimwangukia mama mkwe miguuni. Aliiokota, na kwa kuwa basi lilikuwa limesimama, akaiingiza dirishani kwa nguvu. Ikampata mwenyewe kifuani, bwana mmoja mwenye suti.

"Mama, vipi?" alifoka.

"Umeangusha, baba," mama mkwe alijibu kwa sauti ya huruma kabisa.

Habari ile ilisafiri haraka kuliko basi. Baada ya hapo makondakta wengi wa njia ile walimkusanyia chupa kwenye gunia na kumkabidhi mkononi, wakiinama kidogo.

Usidhani alikuwa mtu wa mstari mmoja. Huyohuyo asiyetupa ganda la yai alikuwa na kabati la vyombo vya kauri ambavyo hakuna mdomo uliowahi kuvigusa. Viatu vyake vya kanisani alivivua mlangoni baada ya ibada na kurudi peku, visichakae. Alikuwa akiwakemea majirani kwa kukata miti, halafu unamkuta amejificha nyuma ya banda anachoma mahindi kwa mkaa. "Haya ni ya dawa," alimwambia Semeni siku alipomfumania, huku anatafuna.

Baba mkwe alikuwa dereva wa basi kati ya Iringa na Mbeya kwa miaka mingi, mtu mkimya aliyecheka kwa mabega. Ndiye aliyekuwa akibeba lawama zote za utundu wa mkewe. Wakija watu kulalamika, aliwasikiliza mpaka mwisho, mabega yakaanza kutikisika, nao wakajikuta wanacheka pamoja naye. Alifariki miaka michache baada ya harusi yetu, kwa ugonjwa uliokuja haraka. Mama mkwe msibani alikuwa imara kupita kiasi. Alipanga kuni, alipima unga, aliwatania waombolezaji. Watu wakasema, huyu mama ana moyo wa chuma.

Kikohozi kilianza baada ya hapo. Kwanza asubuhi tu. Kisha akawa hawezi kuvuka uani bila kusimama na kushika ukuta. Semeni akampeleka hospitali Iringa mjini. Daktari, kijana mpole, alimpima kifua akauliza, "Mama, unavuta sigara?"

"Sigara sivuti," alijibu. "Navuta jiko."

Daktari alicheka, lakini kisha akaacha kucheka. Alimweleza kwamba kifua chake hakina nafasi tena ya moshi. Asipouacha, utamuua.

Hapo ndipo sisi tulipogundua jambo ambalo tulilitazama miaka yote bila kuliona. Yule mama aliyekausha nyanya kwa jua, aliyeoga maji ya jua, aliyeivisha maharage ndani ya friji, bado alipika ugali na mboga na chai katika jiko dogo la udongo lisilo na dirisha, juu ya mafiga matatu, kwa kuni. Tena aliingia humo hata wakati hapiki.

Tulimwambia tutajenga mtambo wa gesi ya samadi. Ng'ombe wawili alikuwa nao, vinyesi vilikuwa vinapotea bure, na kupotea bure ndiko alikokuchukia. Tulidhani atarukaruka kwa furaha. Alikataa.

"Chakula kisicho na moshi ni chakula cha mgonjwa."

"Wewe ni mgonjwa, mama!" Semeni alisema.

"Nyama ya moshi haiozi."

"Mama, umekausha nyanya za Ilula nzima kwa jua, sasa wewe mwenyewe unajikausha kwa moshi!"

Mimi nilijaribu kuingiza neno. Akanigeukia, kwa mara ya kwanza akanitazama machoni. "Tangu lini mkwe akazungumzia jiko la mama mkwe wake?" Mwanaume haingii jikoni kwa mkwewe, na yeye aliujua mwiko huo kama askari anavyoijua ngome yake. Aliingia humo, akavuta mlango, moshi ukatoka juu ya nyasi za paa.

Semeni ni binti wa mama yake. Jumamosi moja mama mkwe alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Semeni alifunga kitenge kiunoni, akaingia jikoni, akatoa figa la kwanza. Akatoa la pili. Akatoa la tatu. Akayapanga katikati ya uwanja, akafagia majivu, akafunga mlango kwa kufuli.

Mama mkwe alirudi, viatu mkononi. Aliona mawe. Tulingoja mvua ya maneno, lakini haikunyesha. Alikaa juu ya figa moja, akaweka viatu mapajani, akatazama mbele. Chakula kililetwa, hakukigusa. Semeni aliingia ndani akilia kwa hasira. Mimi nilibaki barazani, sijui niende wapi.

"Baba," akaniita. "Sogea."

Nilisogea hatua chache, nikachuchumaa kwa mbali.

"Huyu mwanamke amenifungia choo," alisema.

"Choo kiko wazi, mama."

"Siyo hicho. Mtu ana mahali pa kutolea haja, na ana mahali pa kutolea machozi." Alikohoa, akangoja kikohozi kipite. "Mtu akitoka jikoni macho mekundu, nani anamuuliza? Ni moshi. Tangu baba yenu aondoke nimelia humo kila siku, na hakuna aliyenipa pole hata mara moja. Nilifurahi sana. Mimi pole siziwezi. Ukinipa pole ninavunjika."

Nikasema neno la kijinga: "Mama, si ulie tu hapa uani."

"Mbele ya kuku?"

Tukacheka. Na katikati ya kile kicheko, machozi yakaanza kumtoka peupe, mchana, jua limemkalia usoni. Alianza kunisimulia, bila mimi kuuliza, kwamba lile sanduku la nyanya hakuoteshwa wala hakulisikia redioni. Walipokuwa wachanga katika ndoa alikuwa akipanda basi la mumewe na kukaa mbele kabisa, karibu naye. Mumewe alikuwa akifua soksi zake kwenye vituo na kuzianika chini ya kioo cha mbele. Kabla ya kituo kinachofuata zilikuwa zimekauka kama biskuti.

"Wataalamu wanataka niseme sayansi," alisema akijifuta kwa ncha ya kitenge. "Sayansi gani? Ni soksi za baba yenu. Tena zilinuka."

Semeni alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Alitoka, akakaa juu ya figa la pili. Hakutoa pole. Aliegemeza kichwa chake begani kwa mama yake, wakalia wawili, na kuku wakaendelea na shughuli zao. La tatu lilibaki wazi, lakini mimi nilibaki nimechuchumaa. Adabu ni adabu.

Wiki iliyofuata alinipigia simu mwenyewe Uyole, tulikokuwa tukiishi na Semeni. Sauti ilikuwa ileile ya kudai mahari. "Nataka matangi mawili ya maji ya plastiki, yaliyopasuka, tutayaziba. Moja kubwa, moja dogo liingie ndani ya lile kubwa. Na mipira ya ndani ya matairi ya lori. Vipya usilete, unaharibu pesa."

Mtambo ule ulijengwa na fundi mwashi mmoja wa palepale, lakini aliyeuamuru ni yeye, amekaa kwenye figa kama mkuu wa wilaya. Samadi na maji viliingia tangi kubwa, tangi dogo likafunikwa juu yake, mpira wa maji ukapeleka gesi kwenye mipira ya matairi iliyolala kibandani. Aliagiza na choo kiunganishwe humohumo. Majuma yalipita, harufu tu. Majirani walilalamika, na hakukuwa na mabega ya kuwachekesha. Akawaambia ni mbolea ya maua ya harusi. Kisha asubuhi moja mpira mmoja ulianza kuvimba, ukavimba mpaka ukawa kama tumbo la mjamzito, na mama mkwe akauwekea jiwe juu na kuuambia, "Taratibu, mama, taratibu."

Moto ulikuwa wa buluu, mdogo, hauna hata uzi wa moshi. Aliuangalia muda mrefu. "Hausemi kitu," alinung'unika. Lakini chai ilichemka.

Mchungaji alikuja kubariki jiko jipya. Alikuwa mtu mkubwa, mpenda chakula, asiyeruhusu sala iingiliane na chapati. Alifika na safari ya Iringa mwilini, akaomba kwanza kuonyeshwa msalani, kisha akakaa, akanywa vikombe viwili, akasifu moto ule safi.

"Gesi hii mnanunua wapi, mama?"

"Hatununui, Mchungaji. Inatoka kwa ng'ombe wale wawili. Na chooni."

Kikombe kilisimama katikati ya njia. "Choo kipi?"

"Kile ulichotoka sasa hivi." Akamsogezea sahani. "Wewe usihangaike na sadaka ya jiko, baba. Umeshaitoa."

Semeni alitazama chini, mimi nilitazama dari. Mchungaji alitazama chai, akatazama ng'ombe, akamtazama mama mkwe ambaye uso wake ulikuwa mtakatifu kama wa mtoto wa ubatizo. Kisha akasema, "Basi kama na mimi nimechangia, niongezee kikombe." Kabla ya mwaka kuisha nyumba ya mchungaji ilikuwa na mtambo wake, na mama mkwe ndiye aliyekwenda kuusimamia, akiwa amevaa vile viatu vya kanisani.

Mara ya mwisho nilimwona mwaka huu, bila kupanga. Nilikuwa natoka Mbeya kwenda Dar kwa shughuli za duka letu la pembejeo, na sikuwa nimewaambia Ilula kwamba nitapita. Basi liliposimama wachuuzi walilizunguka kama kawaida, vitunguu juu, nyanya juu, sauti juu. Nilikuwa dirishani. Miongoni mwa mikono yote niliona mmoja umeshika pakiti za nyanya kavu, na nyuma ya mkono ule, kitambaa cha kichwa kilichofungwa upande.

Dada aliyekaa karibu nami alimwita. "Mama, hizi zimekaushwa na nini?"

"Na jua, mwanangu. Na uongo kidogo."

Dada alicheka, akanunua. Nikatoa kichwa nje, moyo unanidunda kama siku ya posa.

"Shikamoo, mama."

Macho yale yalinipitia, yakanipima kama kitu kilichochoka kazi moja. Nilijua amenijua. Hakuna hata mshipa mmoja uliotikisika usoni.

"Marahaba," alisema. "Unanunua au unasalimia?"

"Nanunua, mama."

"Ngapi?"

"Mbili."

"Mtu mzima kama wewe, mbili? Nyumbani huna watu?" Akanirundikia tano mapajani, akataja bei ya abiria, siyo ya ndugu, na akapokea pesa bila kurudisha chenji. Basi likaanza kutembea. Yule dada alikuwa akinionea huruma waziwazi.

Ndipo mama mkwe alipopaza sauti, barabara nzima isikie: "Msalimie mwanangu! Na umwambie mume wake hajui kupatana bei!"

Basi zima lilicheka. Niligeuka nimjibu, lakini alikuwa ameshaniacha. Nyuma yetu basi jingine lilikuwa linaingia, na mama mkwe wangu, pakiti zimeinuliwa juu ya kichwa, alikuwa analikimbilia, akiwapita wasichana wawili, akipiga kelele njia nzima.